UZI: Kreatinini nzuri, lakini mirija ya figo je?

Maabara_wa_Mvita (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum, na nyote mlioko humu hamjambo.

Nafanya kazi ya maabara hapa Mombasa na kuna jambo linanikera. Mtu huja na fomu imeandikwa UEC (urea, chumvi za damu na kreatinini), majibu yakitoka kreatinini, taka ya misuli inayochujwa na figo, iko ndani ya kiwango, anaambiwa figo zake nzima, anarudi zake Likoni na uchovu ule ule aliokuja nao. Na kwenye karatasi hiyo hiyo, mistari michache tu kutoka ilipo kreatinini, potasiamu ni 2.4, chini mno, na kloridi 116, juu. Hakuna aliyetupa jicho pale.

Kila figo ina vichujio kama milioni moja. Vyote pamoja huchuja lita 180 hivi kwa siku, na mkojo wetu ni lita moja na nusu au mbili. Zilizobaki zimerudishwa na mirija. Kichujio hakichagui. Ni kama mtu aliyetoka Kongowea akamwaga kapu zima mkekani, halafu mirija ndiyo inayookota: chumvi hii, sukari hii, maji haya, rudini ndani. Kreatinini inakwambia kapu linamwagwa kwa kasi gani. Juu ya kuokota haina habari.

Sehemu ya mwanzo ya mrija ndiyo yenye kazi kubwa. Hurudisha thuluthi mbili ya chumvi na maji, karibu sukari yote, na sehemu kubwa ya bikaboneti, ambayo ndiyo inayozima asidi mwilini. Ikilegea, vyote hivi hutoka na mkojo, na hali hiyo inaitwa Fanconi, kwa jina la daktari wa watoto wa Uswisi, Guido Fanconi. Baada yake kuna tanzi la Henle, pale Lasix, dawa ya kuongeza mkojo, inapofanyia kazi. Mtoto aliyezaliwa na kasoro hapo ana ugonjwa wa Bartter, na damu yake husomeka sawa na ya mtu anayemeza Lasix kila siku. Mbele kidogo ndipo zinapofanya kazi tembe za presha za HCTZ, na kasoro ya kuzaliwa nayo ya hapo ni ugonjwa wa Gitelman. Mwisho kuna mirija ya kukusanya: hapo asidi hutupwa, potasiamu hupimiwa itoke kiasi gani, na maji hurudishwa kwa amri ya homoni.

Ulizeni. Dawa sitampa mtu humu, lakini karatasi naweza kuisoma.

---

Mama_Nasra_Kisauni

Wa aleikum salaam. Mwanangu ana miaka mitatu, miguu imepinda matege, hakui, hamu ya chakula hana, na usiku huamka kuomba maji. Kapewa vitamini D mara kadhaa, miguu ni ile ile. Figo walipima wakasema sawa. Hii inaweza kuwa mambo unayosema?

---

Maabara_wa_Mvita

Pole mamake Nasra. Inaweza, lakini nianze na lililo la kawaida: matege mengi hapa kwetu ni ya kukosa jua na kalsiamu, mtoto anafungiwa ndani ya flati mchana kutwa. Hayo hupona kwa vitamini D. Yasipopona, na mtoto hakui na anakunywa maji mno, ndipo mirija inapaswa kuulizwa.

Matege ya mirija yana njia mbili. Ya kwanza, fosfeti inavuja na mkojo, mfupa hauna cha kujengea. Ya pili, asidi inabaki kwenye damu na mwili unakwenda kukopa kwenye mfupa ili kuizima. Ukimpa vitamini D peke yake mtoto wa aina hii, hujaziba panapovuja.

Mwambie daktari unataka kujua bikaboneti, kloridi, potasiamu, fosfeti, kalsiamu na ALP, kimeng'enya kinachopanda mfupa ukiumwa. Mkojo wapime pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi ni nyingi) na sukari. Altrasaundi ya figo pia, kwa sababu asidi ya mirija ya aina ya kwanza, naieleza hapo chini, huacha chokaa ndani ya figo na inaonekana. Bikaboneti uitaje kwa jina, maana UEC ya sehemu nyingi haiipimi, na pengine itabidi wafanye gesi za damu.

Na hivi ndivyo karatasi inavyosomwa. Chukua sodiamu, toa kloridi, toa bikaboneti. Mtu wa potasiamu 2.4 niliyemtaja juu alikuwa na sodiamu 140, kloridi 116, bikaboneti 14. Inabaki 10, ambayo ni ya kawaida. Maana yake asidi yake haikutoka kwenye sukari iliyopanda wala sumu aliyokunywa. Bikaboneti imepotea na kloridi imejaza nafasi yake. Ama ni kuhara, ama ni mirija. Kama hahari, pima pH ya mkojo: damu ina asidi na mkojo umekataa kushuka chini ya 5.5, basi mirija ya mwisho imeshindwa kuitupa. Hiyo ndiyo aina ya kwanza.

Wakikuta ni hiyo, waombe na kipimo cha masikio. Baadhi ya watoto waliozaliwa nayo husikia vibaya, na mama hudhani mtoto ni mkaidi.

---

Sista_wa_Wodi

Ahsante kwa uzi. Naongeza la wodini, kwa sababu hapa ndipo watu huumia.

Tulipata mama mmoja, kaletwa kwa mkokoteni hadi barabarani, halafu tuktuk. Alilala mzima, akaamka miguu haimtii, shingo haiinuki. Familia walikuwa wameshapita kwa mganga, wakaambiwa jini la baharini. Potasiamu yake 1.7. Tulipokaa naye tukagundua pia macho yanamkwaruza kama yana mchanga, na mahamri hawezi kuyameza bila chai, mdomo mkavu. Ugonjwa wa Sjögren, kinga ya mwili inashambulia tezi za mate na machozi, na mirija ya figo ikaingizwa humo humo. Leo anatembea.

Ninachotaka kukazia ni mpangilio wa tiba. Mtu ana asidi NA potasiamu iko chini: potasiamu kwanza. Ukimkimbilia na bikaboneti, potasiamu iliyobaki kwenye damu inaingia ndani ya seli, inashuka zaidi, na misuli ya kupumua inaweza kusimama. Na potasiamu ya mshipa haisukumwi kwa sindano abadan. Inachanganywa kwenye dripu, na kwa mshipa wa mkono kawaida haizidi milimoli 10 kwa saa. Ndugu wa mgonjwa mnaosimama hapo mkituambia "iongeze mbio amalize twende nyumbani", tafadhali kaeni chini.

---

Fundi_Bamburi

Sasa hiyo bikaboneti si ndiyo soda ya kupikia? Na kama ni soda, magadi yapo dukani kwa bei rahisi. Mbona tusitumie hayo?

---

Maabara_wa_Mvita

Fundi, swali zuri na jibu ni hapana kwa magadi.

Soda ya kuokea ni sodiamu bikaboneti, kitu kile kile kilichomo kwenye tembe. Magadi yana kaboneti nyingi, ni makali zaidi kwa tumbo, na yale ya Ziwa Magadi yana floridi nyingi, ambayo mtu mwenye mifupa mibovu ndiyo ya mwisho anayohitaji. Kwenye maharage weka kidogo ukipenda. Kwenye figo usiweke. Na hamira ya keki ya unga, ile baking powder, nayo si soda, ina vingine vimechanganywa.

Hata soda yenyewe inataka hesabu. Tembe ya miligramu 500 ina kama milimoli 6 za bikaboneti. Mtu mzima mwenye aina ya kwanza huhitaji milimoli 1 hadi 2 kwa kila kilo kwa siku. Wa kilo 60 basi ni tembe kumi kwa uchache, amezigawa asubuhi, mchana na usiku. Ndiyo sababu watu huziacha: tumbo linajaa gesi, unabeua kwenye matatu mpaka jirani anageuka. Kijiko cha chai kilichosawazishwa cha soda kina kama gramu 5, karibu milimoli 60, na wapo madaktari wanaompa mgonjwa soda ya kupima badala ya lundo la tembe. Lakini ni daktari aliyeamua na anayepima damu. Mwenye presha au moyo uliochoka, sodiamu yote hiyo si mchezo.

Kwa wenye mawe ya figo, potasiamu sitrati huwa bora kuliko soda, inarudisha potasiamu papo hapo na haiongezi kalsiamu kwenye mkojo kama sodiamu inavyofanya.

Aina ya pili, ile ya mrija wa mwanzo, ni ngumu zaidi. Unachompa kinavuja tena, kwa hiyo dozi hufika milimoli 10 hadi 15 kwa kilo. Pigeni hesabu ya tembe wenyewe.

---

Msomaji_Kimya

Nimeingia kwa jina jingine, mnielewe. Mimi ni wa kliniki, natumia TLD, tembe ya VVU, kwa miaka mingi na virusi havionekani, alhamdulillah. Sasa mifupa ya mbavu na nyonga inauma, na kijiti cha mkojo kilionyesha sukari. Wakapima sukari ya damu, iko sawa. Wakasema kijiti kibovu.

---

Maabara_wa_Mvita

Ndugu yangu, karibu, na hapa hapana wa kukuhukumu.

Sukari kwenye mkojo na sukari ya damu iko sawa si lazima kijiti kiwe kibovu. Kuna sababu zisizo na madhara: mwanamke mjamzito anaweza kuwa nayo, na anayemeza dawa za kisukari dapagliflozin au empagliflozin atakuwa nayo kwa sababu dawa hizo ndivyo zilivyokusudiwa, kuzuia mrija usiokote sukari. Wewe hutumii hizo. Unatumia tenofovir, herufi ya T kwenye TLD, na kwa watu wachache tenofovir huuchosha mrija wa mwanzo mpaka ukawa na Fanconi: sukari inatoka, fosfeti inatoka, mifupa inalainika na kuuma.

USIACHE DAWA. Naandika kwa herufi kubwa makusudi. Nenda kliniki kabla ya tarehe yako, waambie mifupa inauma na kijiti kilionyesha sukari, wapime fosfeti ya damu, bikaboneti, potasiamu na protini ya mkojo. Ikithibitika, wao watakubadilishia T kwa dawa nyingine, zipo, na mirija mara nyingi hujirekebisha taratibu baada ya hapo.

Jambo jingine linalochanganya: dolutegravir, ile D, hupandisha kreatinini kidogo bila figo kuumia, kwa sababu inazuia mirija kuitoa. Kwa hiyo kwenye TLD kreatinini inaweza kupanda na figo ni nzima, au ikatulia na mirija inavuja. Mnaona sasa kwa nini nimeichukia namba hii ikisimama peke yake.

---

Baharia_Mstaafu

Vijana mnajisumbua. Sisi tulikunywa madafu kila siku kule Mama Ngina, figo zetu safi. Dafu huosha figo. Mimi nina sukari na presha, na dafu langu silali bila.

---

Sista_wa_Wodi

Mzee wangu, shikamoo. Presha unatumia dawa gani?

---

Baharia_Mstaafu

Marahaba. Losartan, na ile ya kupunguza maji, spironolactone. Juzi daktari kanipa Septrin ya mkojo.

---

Sista_wa_Wodi

Mzee, kesho asubuhi nenda ukapimwe potasiamu. Si wiki ijayo. Na moyo ukianza kudunda ovyo au mwili ukilegea kabla ya hapo, usingoje asubuhi, nenda kasualti.

Sukari ya miaka mingi mara nyingi hupunguza homoni inayoiamuru mirija ya mwisho kutoa potasiamu. Hiyo ni asidi ya mirija ya aina ya nne, na ndiyo tunayoiona zaidi kwa wazee. Sasa losartan inazuia potasiamu kutoka, spironolactone inazuia, na ile trimethoprim iliyo ndani ya Septrin nayo inazuia. Juu yake unamwaga dafu, ambalo lina potasiamu nyingi kuliko ndizi. Ikipita 6 moyo unaweza kukosa mpigo, na huenda usipate dalili yoyote ya kukuonya.

Wakikuta iko juu wana la kufanya: watakupima moyo kwa ECG, kalsiamu ya mshipani kuulinda, insulini pamoja na dekstrosi kuisukuma potasiamu ndani ya seli, kisha dawa zako zipangwe upya. Usizipange wewe. Ila dafu, tende na ukwaju viache kwanza, na ile chumvi ya dukani inayouzwa kuwa ni salama kwa presha soma pakiti, nyingi ni potasiamu kloridi.

---

Maabara_wa_Mvita

Niingilie kidogo, potasiamu ya juu kwanza ihojiwe. Nyingine ni ya uongo na inatengenezwa njiani. Damu imetolewa Mtwapa asubuhi, gari limekwama Nyali, chupa imefika kwetu mchana seli zimepasuka na potasiamu yao imemwagika. Au mgonjwa kafungwa mpira mkono umebadilika rangi na kaambiwa afumbe na kufumbua ngumi. Ya kuchekesha kuliko zote ni mtu aliyejaza chupa ya zambarau, kaona damu imezidi, kamimina kidogo kwenye ya nyekundu. Ile ya zambarau ina chumvi ya potasiamu ndani ya kuzuia damu kuganda, nayo inaishika kalsiamu. Majibu yanatoka potasiamu 14, kalsiamu karibu sifuri, na mwenye damu yuko nje ya mlango anasoma gazeti.

Lakini mzee Baharia, yako sidhani ni ya uongo. Nenda.

---

Binti_wa_Kuze

Mimi ni kinyume cha mzee. Nimeambiwa Gitelman baada ya miaka ya kuambiwa ni mawazo. Mikono hukakamaa, vidole vinajikunja nikishindwa kuvifungua, midomo ganzi. Tangu utotoni natamani chumvi, embe mbichi na pilipili na chumvi nalamba mpaka bakuli, achari naila kwa kijiko. Mamangu alikuwa akinigombeza nitapata presha, na presha yangu iko 90. Napewa Slow-K, tembe za potasiamu, na magnesi. Maswali mawili: madafu naweza? Na Ramadhani je?

---

Maabara_wa_Mvita

Ulimi wako ulijua kabla ya daktari. Mrija unamwaga chumvi, na mwili unaidai. Kwa Gitelman chumvi haikatazwi, ni sehemu ya tiba, na madafu yanayomhatarisha mzee Baharia kwako ni msaada, mradi daktari anajua. Hayachukui nafasi ya tembe lakini. Slow-K meza nzima usiitafune, na iwe na chakula na maji mengi, maana inaweza kuchoma umio.

Magnesi usiibeze. Ikiwa chini, potasiamu haipandi hata ukila tembe kwa kilo. Ukimeza nyingi kwa mara moja utahara na kuipoteza tena, kwa hiyo igawe. Potasiamu ya 3 tu kwa mwenye Gitelman huhesabiwa ni mafanikio, usikate tamaa kwa kutofika 4.

---

Sista_wa_Wodi

La saumu: mtu anayehitaji tembe na chumvi mara tatu au nne mchana, na potasiamu yake inashuka akikaa saa chache, hajiamulii peke yake. Zungumza na daktari wako mwezi mmoja kabla, halafu na ustadhi wako. Ruhusa ya mgonjwa iko wazi, al-Baqara aya ya 184, siku nyingine au fidya. Nimepokea wagonjwa wa aina hii baada ya magharibi, wamekakamaa, na wote walisema waliona haya kula mchana.

Walio na ugonjwa wa maji, wale ambao mirija haisikii homoni na wanakojoa lita kumi kwa siku, wao ndio kabisa. Kwa joto la hapa Februari saa chache bila maji sodiamu inapanda na akili inavurugika. Mtoto mchanga wa namna hiyo huletwa na homa isiyo na sababu, kumbe kakauka. Ukiona mtu anayetumia lithiamu ya akili ameanza kulala na mtungi, mpeleke akapimwe. Dawa ya ugonjwa huu wa maji inashangaza: tembe ya HCTZ, ya kuongeza mkojo, humpunguzia mkojo, pamoja na kupunguza chumvi.

---

Fundi_Bamburi

Na dawa za mitishamba za kusafisha mirija? Pale Mwembe Tayari ziko kwenye chupa, zimeandikwa figo kabisa.

---

Maabara_wa_Mvita

Fundi wewe unapenda duka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake walipewa majani ya Kichina ya kupunguza unene. Ndani mlikuwa na aristolokia. Mirija yao iligeuka makovu, wengi wakaishia kwenye mashine ya kuosha damu au kupandikizwa figo. Nao waliambiwa ni asilia. Chupa isiyoandikwa kilichomo siwezi kuipima na wewe usiinywe. Diclofenac za kila siku kwa mgongo, hizo nazo zihesabu humo humo.

---

Binti_wa_Kuze

Ahsanteni. La mwisho, nimeambiwa nilete mkojo wa saa 24 wapime kalsiamu. Nimepewa galoni na hakuna aliyenieleza.

---

Maabara_wa_Mvita

Chagua siku ambayo huna safari wala harusi. Asubuhi ukiamka, ule mkojo wa kwanza umwage chooni, na uandike saa. Kuanzia hapo kila tone linaingia kwenye galoni, wa mchana, wa usiku, hata unapokwenda haja kubwa, tanguliza kikombe. Kesho yake saa ile ile kojoa mara ya mwisho, na huo unaingia ndani. Andika saa ya kumaliza. Galoni likae kwenye friji au ndoo ya barafu, usiliache jua la barazani. Wakikuwekea asidi kidogo ndani ya galoni usiimwage wala usiiguse, ni ya kuzuia kalsiamu isigande chini, na usikojolee humo moja kwa moja, tumia kikombe.

Ukisahau mara moja ukakojoa chooni, usijazie maji kufidia. Mwaga yote, rudi uchukue galoni jipya, anza kesho.